Alfajiri Daraja la Tanzanite: Hatua za pole zinavyotuliza wasiwasi

Dar es Salaam. Kabla jua halijachomoza upande wa bahari, Daraja la Tanzanite huwa tayari lina watu. Magari bado ni machache na taa za barabarani hazijazimwa. Kwenye njia ya waenda kwa miguu wanapita vijana wenye kaptula na spika ndogo za muziki, wazee wanaotembea wawili wawili wakizungumza siasa na mpira, na akina mama waliovaa raba na suruali ya mazoezi chini ya dera, mtandio umefungwa vizuri usipeperushwe na upepo.

Anayewatazama kwa mbali hudhani wote wamefuata jambo moja, kupunguza kitambi. Wapo waliofuata hilo. Wapo wanaojiandaa kwa mbio za marathoni, na wapo walioambiwa na daktari washushe presha au sukari. Lakini wapo pia waliofika hapo kwa sababu isiyoonekana kwa macho. Wameamka saa 9:00 usiku wakihesabu ada ya shule, kodi ya nyumba na marejesho ya mkopo, moyo ukidunda kama wametoka kukimbizwa ilhali hawajatoka kitandani.

Kundi hili la mwisho halizungumzwi sana nyumbani. Na ndilo linaloweza kunufaika na daraja hili kwa namna ambayo wengi hawaifahamu.

Kilomita moja juu ya maji

Daraja la Tanzanite linaanzia karibu na Hospitali ya Aga Khan, kwenye Barabara ya Barack Obama ambayo wenyeji wa siku nyingi bado wanaiita Ocean Road, na linatokea upande wa Oysterbay, jirani na ufukwe wa Coco. Lina urefu wa kilomita 1.03. Magari yalianza kupita Februari 2022, na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua rasmi Machi mwaka huohuo. Lengo lilikuwa kupunguza foleni ya Daraja la Salenda, ambalo kwa miaka mingi lilibeba mzigo wa magari yanayoingia na kutoka katikati ya jiji kwa upande huo wa pwani.

Waliolijenga waliwaachia nafasi waenda kwa miguu, na wakazi wa jiji wakaipokea kama uwanja wa mazoezi. Hakuna kiingilio wala ada ya mwezi kama ilivyo kwenye jimu. Ukitokea Aga Khan kwenda Coco, mkono wako wa kulia ni bahari kuu, na mara nyingi utaziona meli zimetia nanga mbali zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Mkono wa kushoto ni ghuba, mikoko, na mahali ambapo Mto Msimbazi unamwaga maji yake. Maji yakikupwa, ndege wa pwani hushuka kuchokoa tope. Yakijaa, mikoko hubaki vichwa tu.

Kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima, wa kilomita tano kwa saa, kulivuka daraja huchukua dakika 12 hadi 13. Kwenda na kurudi ni kama dakika 25. Ukiongeza kipande cha barabara cha kufika na kuondoka, unapata nusu saa. Nusu saa kwa siku tano ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini kwa wiki ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwa mtu mzima anayefanya mazoezi ya wastani.

Mwongozo huo una jambo jingine linalomfaa mzazi asiye na muda. Zamani ilisisitizwa kwamba zoezi lihesabiwe likifika angalau dakika 10 mfululizo. Sharti hilo limeondolewa. Dakika tano asubuhi, saba mchana na nane jioni zote zinaingia kwenye hesabu.

Wasiwasi wa kawaida na ule unaougua

Kila mzazi hupata wasiwasi. Mtoto akichelewa kurudi kutoka shule, simu ikiita usiku wa manane, mwenye nyumba akibisha hodi tarehe mbaya, moyo lazima ushtuke. Hofu hiyo ina kazi yake. Humwamsha mtu achukue hatua, na jambo likiisha nayo huisha.

Tatizo huanza pale jambo linapoisha na hofu ikabaki, au inapokuja bila jambo lolote. Siku nyingi zinapita mtu hana amani, hapati usingizi, anakasirishwa na vitu vidogo, na kazi za kila siku zinamshinda. Hapo wasiwasi umekuwa ugonjwa kama magonjwa mengine. WHO inaeleza kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, ambayo ndiyo yanayoongoza kwa wingi kati ya magonjwa yote ya akili. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, na ni takriban mtu mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji matibabu ndiye anayeyapata.

Wengi wetu Waswahili hatusemi "nina ugonjwa wa wasiwasi". Tunasema moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, kichwa kinawaka moto, tumbo linavuruga, mikono inakufa ganzi. Ndugu wakisikia hayo hujibu haraka: ana presha. Au wanasema kuna mkono wa mtu.

Chukua mfano wa mama wa watoto watatu anayeuza vitenge Kariakoo. Siku moja ndani ya daladala lililojaa, moyo unaanza kudunda ghafla, jasho linamtoka, pumzi inakuwa fupi, na anaamini kabisa anakufa. Anashushwa na kukimbizwa hospitali. Presha iko sawa, sukari iko sawa, kipimo cha moyo hakioneshi tatizo. Anaambiwa hana ugonjwa, arudi nyumbani apumzike.

Anarudi na hofu mpya: je, likija tena? Wiki inayofuata hapandi daladala lililojaa. Mwezi unaofuata anapanda bodaboda peke yake, na faida ya siku inaishia kwenye nauli. Baadaye anaona afadhali asiende Kariakoo siku za watu wengi. Anaacha kupanda ngazi, kwa kuwa ngazi zinamfanya moyo udunde. Watoto nao wanakatazwa kutoka nje kwa sababu mama hawezi kuvumilia wakiwa mbali na macho yake. Hakuna kipimo kilichoonesha ugonjwa, lakini maisha ya nyumba nzima yamesinyaa.

Kuogopa moyo wako mwenyewe

Ubongo una king'ora chake. Ukihisi hatari, humwaga homoni ya adrenalini na nyingine za aina hiyo ndani ya damu. Moyo unaongeza kasi ili misuli ipate damu ya kutosha, pumzi inakuwa ya harakaharaka, jasho linatoka, tumbo linasimamisha kazi yake. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Kama mbele yako kuna mbwa mkali, maandalizi hayo yanakuokoa. Kama mbele yako kuna ujumbe wa simu wa kukumbushia mkopo, nguvu yote hiyo haina pa kwenda.

Hofu kali ya ghafla kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Lakini aliyeipata mara moja huanza kuuogopa moyo wake. Ukidunda kidogo tu, ubongo unasoma "hatari", king'ora kinalia zaidi, moyo unadunda zaidi. Ndiyo maana watu wengi wenye wasiwasi hukwepa mazoezi. Zoezi linawaletea dalili zilezile wanazoziogopa.

Hapa ndipo kutembea kunapofanya kazi yake. Mtu anapotembea kwa mwendo wa kukaza kidogo, moyo unaongeza kasi kwa sababu anayoijua na kwa kiwango anachoweza kukipunguza mwenyewe. Anapumua haraka, anatoka jasho, halafu anapunguza mwendo na kila kitu kinarudi mahali pake. Hakufa, wala hakuanguka. Akilirudia hilo siku baada ya siku, mwili unajifunza kwamba kudunda kwa moyo na hatari ni vitu viwili tofauti.

Faida nyingine zinakuja pamoja na hiyo. Misuli iliyokuwa imekaza mabegani na shingoni hulegea. Usingizi wa usiku huwa mzito zaidi, na aliyelala vizuri hastushwi ovyo. Tafiti nyingi zilizolinganishwa pamoja zinaonesha kuwa hata zoezi la mara moja hupunguza wasiwasi kwa saa kadhaa, na kwamba wanaofanya mazoezi mara kwa mara kwa wiki kadhaa hupungukiwa na dalili. Nafuu hiyo kwa wengi ni ya wastani, haifuti tatizo lote. Lakini haina bei, na mtu anaweza kuianza leo.

Anayeanza, aanzie wapi?

Kwa aliye na hofu, kosa la kwanza ni kutaka kulivuka daraja lote siku ya kwanza. Katikati ya Tanzanite uko juu ya maji, nchi kavu ikiwa nusu kilomita mbele na nusu kilomita nyuma, na hakuna pa kuita bodaboda. Kwa mtu wa kawaida hapo ni mahali pa kufurahia upepo. Kwa mwenye hofu kali ni mtihani, na mtihani hufanywa baada ya masomo.

Wiki ya kwanza inatosha kutembea kwenye Barabara ya Barack Obama kwa upande wa bahari, dakika 10 kwenda na kurudi, bila kupanda daraja. Njia ni tambarare, watu wanapita, na anayetaka kuacha anaweza kuacha wakati wowote.

Wiki ya pili mtu apande daraja hadi anapoona wasiwasi umeanza kusogea, asimame kidogo pembeni ya njia ya miguu bila kuwazuia wengine, apumue, aende hatua 20 zaidi, ndipo ageuke. Hizo hatua 20 za ziada ndizo zenye somo. Anayegeuka mara tu hofu inapoanza anaufundisha ubongo kwamba kweli palikuwa na hatari. Anayengoja ipungue kidogo kabla ya kugeuka anaufundisha kwamba hofu huja na kuondoka.

Wiki ya tatu au ya nne afike katikati, dakika sita hivi kutoka mwanzo wa daraja, na akiwa tayari alivuke lote. Atakayehitaji wiki nane badala ya nne hajachelewa popote. Mwenda pole hajikwai.

Hofu ikimkamata mtu juu ya daraja, asikimbie. Apunguze mwendo, aguse ukingo, avute pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi tatu na kuitoa kwa kuhesabu hadi tano. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, moyo hupunguza kasi. Kisha ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona: meli ile, mikoko, mtumbwi wa mvuvi, nguzo ya taa, mzee mwenye fulana ya njano. Macho yakipewa kazi nje, akili haibaki ndani ikihesabu mapigo.

Kipimo cha mwendo: kuzungumza na kuimba

Huhitaji saa ya gharama kujua kama unatembea kwa kasi inayofaa. Kipimo ni sauti yako. Kama unaweza kuimba bila shida, mwendo bado ni mwepesi. Kama unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda, uko kwenye mwendo wa wastani, na huo ndio unaotakiwa. Kama hata maneno matatu hayatoki bila kuhema, punguza.

Waliosoma shule za msingi hapa nchini wanalikumbuka vizuri somo hili bila kujua walifundishwa. Kwenye mchakamchaka wa asubuhi, kiongozi alianzisha wimbo na wengine wakaitikia huku wanakimbia. Waliokuwa wanaanza kuchoka walijulikana kwa kuacha kuitikia.

Mchakamchaka huo haujafa, umehamia mitaani. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili, vikundi vya jogging kutoka kila kona ya jiji hupita barabarani vikiwa na fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo, na baadhi huishia Coco. Kwa mwenye wasiwasi, vikundi hivi vina faida ya ziada. Watu wanajuana, asipoonekana wiki mbili ataulizwa, na wengi huchangiana kwenye ugonjwa na misiba. Upweke ni chakula cha wasiwasi, na kikundi humnyima chakula hicho.

Hata hivyo, si kila mtu atavumilia kelele na msongamano wa siku ya kwanza. Kwa huyo, asubuhi ya siku ya kazi ni bora kuliko Jumapili, na rafiki mmoja anatosha. Wanandoa wanaotembea pamoja hugundua jambo jingine. Mazungumzo mazito huwa mepesi mkiwa mnatazama mbele kuliko mkiwa mmekaa mezani mnatazamana. Baba ambaye nyumbani hujibu "niko sawa" anaweza, kwenye dakika ya 20 ya matembezi, kusema hali ya biashara ilivyo.

Na akina baba wanahitaji kusikia hili. Wengi hutuliza wasiwasi kwa bia mbili tatu za jioni. Pombe hulegeza kwa saa chache, kisha huharibu usingizi, na asubuhi wasiwasi hurudi ukiwa mkali zaidi. Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo huupeleka moyo mbio, na mwenye hofu hudhani tatizo limezidi.

Ukiwa Mbagala au Gongo la Mboto

Mkazi wa Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara hawezi kupanda magari mawili kila alfajiri kwenda kutembea Aga Khan. Hana haja. Kilicho muhimu ni njia iliyo salama, ya urefu unaojulikana, inayoweza kurudiwa. Mahali popote penye hayo panaweza kuwa Tanzanite ya mtu.

Pima njia yako mara moja kwa saa ya simu: dakika 12 kwenda, dakika 12 kurudi. Inaweza kuwa kutoka nyumbani hadi uwanja wa shule, kuzunguka soko kabla wateja hawajaja, au kushuka kituo kimoja kabla ya chako na kumalizia kwa miguu. Anayetumia mabasi ya mwendokasi na kituo chake kina daraja la kuvukia barabara ana ngazi za bure kila siku. Kwa yule aliyeanza kuogopa ngazi, hizo ni dawa, mradi apande taratibu, apumzike katikati, na kesho azipande tena.

Mama wa nyumbani atauliza: na kazi ninazofanya kutwa je? Kuchota maji, kufua, kupiga deki na kubeba mtoto mgongoni ni kazi za mwili na zina hesabu yake kiafya. Lakini kazi hizo hufanywa akili ikiwa inahesabu nyingine zinazosubiri. Kinachoituliza akili zaidi ni dakika ambazo mtu amezitenga mwenyewe, hazina mzigo kichwani wala mtoto analia. Familia ikiweza kumpa mama nusu saa hiyo, baba akichemsha chai na kuwavalisha watoto sare, itakuwa imemtibu kwa sehemu.

Usalama nao uangaliwe. Mwanamke asitembee peke yake kabla hakujapambazuka kwenye njia isiyo na watu. Spika za masikioni zisizibe masikio yote mawili barabarani, na simu ibaki mfukoni. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande unaoyaona magari yakikujia. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, maliza kabla jua halijawa kali na ubebe maji. Masika yakifunga njia, korido ya nyumba na muziki wa redio vinatosha kwa dakika 15.

Lipo pia suala la maneno ya watu. Mtaani, mtu mzima anayetembea bila kwenda popote huonekana hana kazi. Maneno hayo hudumu wiki mbili. Baada ya hapo majirani huanza kuuliza mnaondoka saa ngapi.

Watoto wanatutazama

Wasiwasi wa mzazi hauishii kwa mzazi. Mtoto hujifunza kuogopa kwa kumtazama mkubwa anavyoogopa, na hujifunza kutulia kwa njia hiyohiyo. Mama anayesema "moyo wangu unadunda, ngoja tutembee kidogo utatulia" amempa mwanawe zana ya maisha.

Dalili za wasiwasi kwa mtoto mara nyingi hazifanani na za mkubwa. Tumbo linauma kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi. Anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha. Anang'ang'ania nguo ya mama, au anakuwa mkali bila sababu. Wa darasa la saba hupoteza usingizi mtihani ukikaribia. Kabla ya kumwita mvivu au kumchapa, muulize, na umsikilize.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, WHO inashauri wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili. Hawahitaji mwalimu wa mazoezi. Rede, kuruka kamba, kombolela na mpira wa makaratasi vinafanya kazi hiyo, wakipata nafasi na ruhusa. Tatizo la siku hizi ni ratiba: shule, masomo ya ziada, kisha televisheni au simu. Mzazi anayemsindikiza mtoto shule kwa miguu mara mbili kwa wiki anaondoa dakika za wote wawili kwa mara moja, na njiani husikia mambo ambayo daftari la kazi haliyasemi.

Kutembea hakuchukui nafasi ya daktari

Kabla ya kuamini kuwa ni wasiwasi tu, mtu apimwe. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, presha na magonjwa ya moyo yanaweza kuleta mapigo ya haraka na kuishiwa pumzi. Anayepata maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono, shingo au taya, anayezimia, au anayekosa pumzi kwa kazi ndogo, aende hospitali haraka, asiende kutembea. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wazungumze kwanza na mtaalamu wao kuhusu mwendo unaowafaa.

Kama vipimo vya mwili viko sawa na hofu imedumu wiki nyingi, hatua inayofuata ni huduma ya afya ya akili. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, waeleze kuhusu hofu na usingizi bila kuficha, uombe rufaa. Hospitali za rufaa, ikiwamo Muhimbili, zina wataalamu wa fani hiyo. Ugonjwa wa wasiwasi una tiba mbili zinazofahamika vizuri, ushauri wa kisaikolojia na dawa, na wengine huhitaji zote mbili. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa ameanza mazoezi na anajisikia nafuu. Uamuzi huo ni wa kufanya na daktari. Anayefikiria kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, wiki hii chagueni njia moja na saa moja. Siku ya kwanza tembea dakika 10 tu, hata kama unaweza zaidi, na ufanye hivyo siku tatu. Wiki ijayo ongeza dakika tano. Andika kwenye simu, kabla na baada, wasiwasi wako ni ngapi kati ya kumi. Baada ya mwezi namba hizo zitakuonesha unakoelekea. Na siku ile utakayovuka Tanzanite lote hadi upande wa pili, usirudi haraka. Coco iko hatua chache mbele, na wauza madafu hawako mbali.